Sukari 10.8, damu imejaa asidi: kisa cha mjamzito mwenye kisukari

Mama wa kisa hiki nimemtunga. Hata hivyo kila kinachompata kimeshaonekana na mkunga au daktari aliyewahi kukesha zamu katika wodi ya wazazi. Kama si vyote kwa mgonjwa mmoja, basi kimoja kimoja kwa wagonjwa tofauti. Ana miaka 27. Kisukari chake ni cha aina ya kwanza, alichonacho tangu akiwa na miaka 14. Huu ni ujauzito wake wa pili, una wiki 31. Huchoma insulini ya muda mrefu mara moja usiku, na ile ya haraka kabla ya kila mlo. Kadi yake ya kliniki inaonyesha mtu anayejua ugonjwa wake vizuri, na hilo liwekwe akilini tangu sasa, maana mbele tutakuta mambo ambayo ni rahisi kumbebesha lawama mgonjwa.

Siku nne kabla ya dharura yenyewe, tumbo lilianza kubana na kuachia. Alilazwa katika kituo kimoja, akapewa nifedipini ya kutuliza mji wa mimba na sindano mbili za betamethasoni, miligramu 12 kila moja, zikipishana saa 24, ili mapafu ya mtoto yakomae endapo angezaliwa njiti. Tumbo likatulia. Akaruhusiwa, akaambiwa apumzike. Kuhusu insulini hakuambiwa neno.

Nyumbani sukari ilipanda hadi milimoli 15, 16, mara moja 17 kwa lita. Akawa anaongeza insulini ya haraka kwa kukisia. Kisha ikaja homa, maumivu ya ubavu wa kulia kuelekea mgongoni, kukojoa kila mara, na mwisho kutapika. Alipoacha kula, sukari ikaanza kushuka: 14, 12, 11. Yeye na watu wa nyumbani wakaona hiyo ndiyo nafuu. Insulini ya haraka akaiacha kwa kuwa hali chochote; ya usiku akaichoma nusu, akihofia sukari isije ikashuka mno akiwa usingizini. Kesho yake mama mkwe akamleta hospitalini, anatapika bado.

– Mama, insulini umechoma leo?

– Ningechomaje, sista, na tumbo halina kitu tangu jana? Sukari yenyewe imeshashuka.

Nitarudi kwenye jibu hilo, kwa sababu karibu ugonjwa wote umo ndani yake.

"Sukari si mbaya"

Vipimo vya mapokezi vilikuwa hivi: joto 38.1, mapigo ya moyo 124 kwa dakika, presha 98 kwa 58, pumzi 30 kwa dakika, oksijeni asilimia 99. Midomo imekauka. Anajibu kwa sentensi fupi na kuzikatiza kuvuta hewa. Glukomita, kipimo cha sukari cha kidoleni, inasoma 10.8, yaani kama miligramu 194 kwa desilita. Kwenye faili likaandikwa: kutapika, maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari, sukari si mbaya. Akaandikiwa dawa ya kichefuchefu na antibayotiki, akaambiwa asubiri kitanda.

Aliyekataa kusubiri ni mkunga aliyehesabu pumzi kwa dakika nzima na saa mkononi. Alikuwa na hoja mbili. Kwanza, pumzi 30 na oksijeni asilimia 99, kifua kikisikika safi, ni dalili kwamba tatizo haliko kwenye mapafu. Mwili unapumua kwa nguvu ili utoe asidi kwa njia ya hewa. Ni pumzi ile ile nzito ambayo Adolf Kussmaul aliieleza mwaka 1874 kwa wagonjwa wa kisukari waliokuwa wakielekea kupoteza fahamu. Pili, ni kweli kwamba wajawazito hulalamika kukosa hewa hata wakiwa wazima, lakini mimba huongeza kina cha pumzi zaidi ya idadi yake. Pumzi 30 kwa dakika haiwezi kusingiziwa mimba.

Akachovya kijiti kwenye mkojo: ketoni, asidi zinazotokana na mafuta kuyeyushwa, alama tatu; nitriti ipo na chembe nyeupe zipo, ishara za maambukizi. Ketoni za damu, kwa kipimo cha kidoleni, zilikuwa milimoli 5.4 kwa lita. Kuanzia 3 kwenda juu ni eneo la hatari. Damu ya mshipa ikaonyesha pH 7.23 (ikishuka, asidi imezidi), bikaboneti, ambayo ni akiba ya kupunguza makali ya asidi, 9, mgandamizo wa kabonidioksidi 22 kwa milimita za zebaki, sodiamu 133, kloridi 98, potasiamu 4.6, na kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, 96. Ukitoa kloridi na bikaboneti kwenye sodiamu unabaki na 26, wakati kwa kawaida pengo hilo huwa kama 8 hadi 12. Kuna asidi ndani ya damu ambayo haikuorodheshwa kwenye karatasi ya maabara, na asidi hiyo ni ketoni.

Jina la hali hii ni ketoasidosisi ya kisukari. Wengi wetu tumefundishwa kuitambua kwa sukari ya 25 au 30, mgonjwa akiwa amezirai. Vigezo vinavyotumika sasa viko tofauti: ketoni 3 au zaidi, pH chini ya 7.3 au bikaboneti iliyoshuka, pamoja na sukari iliyozidi 11 *au* mgonjwa kujulikana tayari kuwa na kisukari. Neno "au" ndilo lililomwokoa mama huyu. Kwa mtu ambaye kadi yake inasema ana kisukari, sukari ya 10.8 haimtoi kwenye orodha.

Kwa nini mimba huficha sukari na kufichua asidi

Insulini ikipungua, seli hazipokei sukari, na mwili huanza kuyeyusha mafuta yake. Mafuta yakiyeyushwa kwa wingi, ini huyageuza kuwa ketoni, na ketoni ni asidi. Hapo hakuna tofauti kati ya mjamzito na mtu mwingine. Tofauti iko kwenye kasi na kwenye kile kinachoonekana kwenye glukomita.

Tangu kipindi cha kati cha ujauzito, kondo la nyuma hutoa homoni zinazopinga insulini, na mahitaji ya mama huendelea kupanda kadiri mimba inavyokua. Wakati huo huo mtoto hunyonya sukari kupitia kondo usiku na mchana, mama awe amekula au hajala. Figo za mjamzito huchuja damu karibu mara moja na nusu ya kawaida, hivyo sukari nyingi hupotelea kwenye mkojo. Damu yenyewe imeongezeka maji. Mama akikaa na njaa nusu siku tu, mwili wake huingia katika hali ya kufunga ambayo mtu asiye mjamzito huifikia baada ya muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mjamzito anayetapika, mwenye insulini kidogo mwilini, anaweza kutengeneza ketoni kwa kasi kubwa huku sukari yake ikishuka. Insulini nusu aliyochoma usiku haikutosha kuzuia mafuta kuyeyuka.

Sasa rudi kwenye zile namba za nyumbani: 17, 14, 12, 11. Zilikuwa zikishuka kwa sababu ya njaa. Ketoni zilikuwa zikipanda muda huo huo, na hakuna aliyekuwa akizipima.

Halafu kuna suala la akiba. Mjamzito mzima hupumua hewa zaidi, hivyo kabonidioksidi yake hukaa karibu na 30 badala ya 40, na figo hulipa tofauti hiyo kwa kutupa bikaboneti hadi ibaki 18 hadi 22. Anaingia vitani na risasi pungufu: asidi ile ile ambayo mtu mwingine angeimeza, kwake hushusha pH upesi. Karatasi nyingi za maabara huchapa kiwango cha kawaida cha mtu asiye na mimba, na hapo ndipo wasomaji wa haraka hujikwaa. Kabonidioksidi ya 40 inayoonekana nzuri kwenye karatasi, kwa mjamzito mwenye asidi kali, maana yake ni kwamba amechoka kupumua. Kreatinini ya 96 nayo inapita bila alama nyekundu, ilhali kwa mjamzito ni figo zinazolalamikia ukavu.

Saa ya kwanza

Alilazwa kwa ubavu wa kushoto ili mji wa mimba usiubane mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Kanula mbili nene, mirija ya mshipani, ziliwekwa. Damu ya kuotesha vimelea ilichukuliwa kabla ya antibayotiki, na seftriaksoni ikaingia mshipani ndani ya saa hiyo, maana maambukizi yalikuwa yameshafika kwenye figo. Mpira wa mkojo, kipimo cha umeme wa moyo, na kitanda chenye uangalizi wa karibu. Mgonjwa wa namna hii hafai kuachwa wodi ya kawaida yenye muuguzi mmoja kwa vitanda vingi.

Maji ndiyo dawa ya kwanza, kabla hata ya insulini. Mgonjwa wa ketoasidosisi huwa amepoteza takriban mililita 100 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mama huyu wa kilo 68 ni kama lita 6 hadi 7. Lita ya kwanza ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9 iliingia kwa saa moja. Lita ya pili ilipangiwa saa mbili, ya tatu saa mbili tena, kisha mwendo ukapunguzwa. Kwa mjamzito mwenye maambukizi mapafu hujaa maji kirahisi, hivyo kifua kilisikilizwa kila saa na mkojo ukapimwa kwa mililita. Presha yake haikuwa juu na mkojo haukuwa na protini. Angekuwa na dalili za kuelekea kifafa cha mimba, hesabu ya maji ingekuwa ngumu zaidi, kwa sababu huko maji hubanwa na huku yanahitajika.

Insulini ilisubiri jibu la potasiamu. Kanuni hii huvunjwa mara nyingi, na kuivunja huua. Mgonjwa huyu mwili wake umepoteza milimoli 3 hadi 5 za potasiamu kwa kila kilo, kwa kutapika na kwa mkojo, lakini damu inaonyesha 4.6, namba ya kupendeza. Asidi na upungufu wa insulini vimeisukuma potasiamu kutoka ndani ya seli kuja kwenye damu. Ukimwanzishia insulini inarudi ndani kwa kishindo, na moyo unabaki bila. Angekuwa na 3.2 mwanzoni, insulini ingesubiri potasiamu iongezwe kwanza. Kwa 4.6 iliruhusiwa kuanza, na kuanzia lita ya pili kila lita ikawekwa milimoli 40 za potasiamu.

Insulini yenyewe: uniti 50 za insulini ya kawaida katika mililita 50 za maji ya chumvi, kwenye pampu ya sindano, uniti 0.1 kwa kilo kwa saa. Kwa uzito wake wa sasa, mimba ikiwemo, ni uniti 7 kwa saa.

Hapa daktari kijana akasita. Sukari ni 10.8, unampa uniti 7 kila saa? Hofu hiyo ina msingi, na jibu lake si kupunguza insulini. Jibu ni kumpa sukari. Kwa mgonjwa wa kawaida, dripu ya glukosi ya asilimia 10 huongezwa sukari ikishuka chini ya 14, kwa mwendo wa mililita 125 kwa saa, kando ya maji ya chumvi. Huyu alikuwa tayari chini ya 14, kwa hiyo glukosi ilianza pamoja na insulini. Insulini hapa inatibu ketoni. Glukosi inaiwezesha ifanye kazi hiyo bila kumwangusha mgonjwa. Anayeizima pampu kwa sababu sukari imefika 7 anaurudisha ugonjwa mwanzo.

Insulini ya muda mrefu ya usiku haikusimamishwa. Alichomwa dozi yake kamili usiku ule, pampu ikiwa inaendelea.

Mtu alipendekeza bikaboneti ya mshipani, kwa kuwa bikaboneti ndiyo iliyopungua. Pendekezo lilikataliwa bila mjadala mrefu: kwa pH ya 7.23 haina faida, na inashusha potasiamu zaidi. Asidi itaondoka ketoni zikiacha kutengenezwa.

Mtoto na meza ya upasuaji

Saa moja na nusu baada ya kufika, mashine ya mapigo ya mtoto ilichora picha ya kutisha: mapigo 170, mstari bapa usio na mchezo wake wa kawaida, na kushuka kunakochelewa baada ya kila mbano wa tumbo. Kwa mjamzito mwingine yeyote wa wiki 31, picha ile inamaanisha chumba cha upasuaji kiandaliwe. Na kiliandaliwa. Hoja ya kumtoa mtoto haikuwa ya kipuuzi: anateseka, mapafu yake yameshapata sindano, na wiki 31 ni umri ambao mtoto huishi vizuri akipata uangalizi.

Daktari wa usingizi ndiye aliyesimamisha mambo. Mama huyu, alisema, anaishi kwa pumzi zake 30. Nikimlaza usingizi mzito, nikamwekea mrija na kumpumulisha kwa mwendo wa kawaida, kabonidioksidi itapanda kutoka 22 kwenda 35 au 40 ndani ya dakika chache, na pH ya 7.23 itaanguka mahali ambapo moyo haufanyi kazi. Nikimchoma sindano ya mgongoni, mishipa italegea na presha ya 98 haina pa kushukia, kwa kuwa bado ni mkavu. Ongeza potasiamu iliyo njiani kuhama.

Ketoni hupita kwenye kondo na kuingia kwa mtoto. Maji yakipungua mwilini mwa mama, damu inayofika kwenye kondo hupungua pia. Mtoto yuko katika asidi kwa sababu mama yuko katika asidi, na njia ya haraka ya kumsafisha ni kupitia damu ya mama. Ukimkata tumbo sasa unapata njiti mwenye asidi ambaye sasa lazima ajisafishe mwenyewe, na mama aliye kwenye hatari kubwa zaidi ya ile aliyoingia nayo. Picha mbaya ya mapigo katika ketoasidosisi hurekebika mara nyingi mama akirekebishwa, na huchukua saa kadhaa, 4 hadi 8 hivi.

Kukubali kusubiri ni kugumu kuliko kukata. Upasuaji unaonekana kama kitendo, kusubiri kunaonekana kama uzembe, na ikitokea mtoto amefia tumboni hakuna atakayekumbuka hoja ya kabonidioksidi. Ndiyo maana uamuzi uliandikwa kwenye faili kwa majina ya wakubwa wa zamu wa idara zote mbili, ya uzazi na ya usingizi, pamoja na mambo ambayo yangeubadilisha: damu ukeni na tumbo gumu lisiloachia, dalili za kondo kubanduka, mama kuwa nafuu kwa vipimo huku mapigo ya mtoto yakibaki mabaya, au uchungu kuendelea hadi njia kufunguka. Na kama moyo wa mama ungesimama, mtoto angetolewa pale pale kitandani ndani ya dakika 5 huku kifua kikiendelea kukandamizwa, kwa kuwa kuuondoa mzigo wa mji wa mimba ni sehemu ya kumfufua mama.

Mama mkwe alielezwa haya nje ya pazia. Aliuliza swali moja tu, mtoto yu hai? Yu hai. Akakaa.

Lilifanyika pia jambo la kutofanya. Mbano wa tumbo uliporudi kidogo, mtu alitaka kumpa salbutamoli kuutuliza. Dawa za kundi hilo hupandisha sukari, huchochea ketoni na kuzamisha potasiamu. Kwa mgonjwa huyu zingekuwa mafuta juu ya moto. Dozi nyingine ya sindano ya mapafu haikutolewa pia. Alishapata mbili.

Saa zilizofuata

Ketoni zinatakiwa zishuke angalau milimoli 0.5 kwa saa. Saa ya pili zilikuwa 4.9 badala ya 4.4. Kabla ya kuongeza dawa, muuguzi alikagua pampu, mrija na kanula, kwa sababu mara nyingi insulini "isiyofanya kazi" ni insulini ambayo haijafika mwilini. Vyote vilikuwa sawa. Mwendo ukapandishwa kwa uniti moja, kuwa 8 kwa saa. Saa ya nne, 3.6. Saa ya sita, 2.3.

Potasiamu ilifanya kile ilichotabiriwa: saa ya tatu ilikuwa 3.4. Aliitwa mkubwa wa zamu, kiasi kikaongezwa chini ya mashine ya moyo, na saa ya tano ikawa 4.0. Anayepima potasiamu mara moja tu, ile ya kuingilia, hawezi kuiona safari hii.

Palipokosekana kipimo cha ketoni za damu, bikaboneti hutumika, ipande kama milimoli 3 kwa saa. Ina kasoro yake: maji mengi ya chumvi huleta kloridi nyingi, na kloridi huchelewesha bikaboneti hata ketoni zikiwa zimeisha. Ketoni za mkojo ndizo za kudanganya zaidi upande wa nafuu. Kijiti kinaona ketoni aina ya asetoasetati na hakiioni ile ya beta-hidroksibutirati, ambayo ndiyo nyingi kwenye ugonjwa. Mgonjwa anapopona hii ya pili hugeuka kuwa ile ya kwanza, na kijiti kinaweza kuwa kizambarau zaidi kwa mtu anayepata nafuu. Kijiti ni chema kwa kumkamata mgonjwa mlangoni. Si chema kwa kumfuatilia.

Kuanzia saa ya tano mstari wa mapigo ya mtoto ulianza kucheza tena. Saa ya saba mapigo yalikuwa 148, bila kushuka kokote. Saa ya kumi ya matibabu ilipotimia, ketoni 0.5, pH 7.34, bikaboneti 17. Aliomba kula. Alichomwa insulini ya haraka pamoja na mlo, pampu ikaachwa iendelee kwa saa moja zaidi ndipo ikazimwa. Ukizima pampu kwanza, insulini ya mshipani huisha ndani ya dakika chache na ile ya chini ya ngozi haijaanza, na ketoni hazihitaji mwaliko wa pili. Alianzishiwa pia heparini ya kuzuia damu kuganda, kwa kuwa mimba, maambukizi na ukavu wa mwili vilikutana kwa mtu mmoja aliyelala kitandani.

Lilipoanzia

Ni rahisi kusema mgonjwa aliacha insulini. Ni kweli aliiacha, kwa mantiki ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu angeifuata kama hakuambiwa vinginevyo: sindano inaendana na chakula, chakula hakuna, sindano ya nini. Kilichokosekana ni mtu wa kumweleza kwamba insulini ya muda mrefu haimhudumii mlo, inalizuia ini. Hiyo haiachwi hata kama hajala siku nzima, na siku ya ugonjwa mara nyingi huhitajika zaidi, hasa akiwa na homa.

Kwa maoni yangu shina la kisa liko nyuma zaidi, kwenye ile ruhusa ya kwenda nyumbani. Sindano ya kukomaza mapafu ilikuwa sahihi. Kabla ya wiki 34, kumnyima mjamzito mwenye kisukari anayekaribia kujifungua ni kumwonea mtoto. Lakini betamethasoni huanza kupandisha sukari saa chache baada ya dozi ya kwanza, na athari yake huweza kudumu siku 5 hivi. Mjamzito anayechoma insulini akipewa sindano hiyo abaki chini ya macho ya wahudumu, apimwe sukari mara kwa mara, na dozi zake zipandishwe kwa mpango ulioandikwa: siku ya kwanza ile ya usiku iongezwe kama asilimia 25, siku mbili zinazofuata dozi zote zipande karibu asilimia 40, kisha zipunguzwe taratibu. Kumpa sindano na kumruhusu bila hata sentensi moja juu ya insulini ni kumwachia kazi ambayo wodi yenyewe huifanya kwa shida.

Alipotoka safari hii, alitoka na vijiti vya ketoni za damu na maagizo yaliyoandikwa. Ukiumwa, pima sukari na ketoni kila baada ya saa chache, usiku pia. Ketoni zikivuka 1.5 piga simu au njoo. Zikifika 3 njoo bila kupiga simu. Ukitapika na huwezi kubakiza maji tumboni, njoo hata kama sukari ni nzuri. Mstari huu wa mwisho ulipigiwa mstari chini, na mama mkwe akasomewa.

Ujauzito uliendelea. Mtoto alipigwa picha kila baada ya wiki kadhaa kuangalia ukuaji na maji yanayomzunguka. Wiki ya 37 ilipotimia uchungu ulianzishwa hospitalini, insulini na glukosi zikipita mshipani wakati wote wa uchungu, sukari ikipimwa kila saa na kushikiliwa kati ya 4 na 7. Mtoto alinyonyeshwa ndani ya nusu saa, kisha akapimwa sukari kabla ya maziwa yaliyofuata, kwa kuwa kongosho lake lilizoea kumwaga insulini nyingi na chanzo cha sukari kimekatwa pamoja na kitovu.

Kwa mama, dharura nyingine ilikuwa ikisubiri upande wa pili. Kondo likitoka, homoni zilizokuwa zikipinga insulini huondoka nalo, na mahitaji huporomoka siku hiyo hiyo, mara nyingi kurudi pale yalipokuwa kabla ya mimba au chini yake, hasa anaponyonyesha. Mtu aliyezoea kuchoma dozi za mwisho wa mimba akiendelea nazo usiku wa kujifungua, anaweza kukutwa asubuhi amepoteza fahamu kwa sukari ya chini. Dozi zake mpya ziliandikwa kwenye faili kabla uchungu haujaanzishwa, na mwendo wa pampu ukapunguzwa kwa nusu kondo lilipotoka.